Dereva wa Zimamoto: Maisha ya Mzee Salvatory Yakobo Masele

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani, na ninyi nyote mliotoka Nkololo, Bukundi, Malampaka na kwingineko kuja kumsindikiza baba yetu, mimi ni Nyamizi, mtoto wa pili wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi huko Malampaka. Aliyepaswa kusimama hapa ni kaka yangu Dastan, lakini jana alijaribu kusoma mbele ya mama akaishia mstari wa tatu, hivyo karatasi zimehamia kwangu. Wazee walinishauri niandike ukurasa mmoja, nimeandika kurasa nne, naomba mnivumilie, maana baba alinyamaza miaka ishirini na minane na ukimya wote huo haukuweza kuenea kwenye ukurasa mmoja.

Marehemu Salvatory Yakobo Masele alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika kijiji cha Nkololo, hapa hapa wilayani Bariadi, miaka mingi kabla Simiyu haijawa mkoa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Yakobo Masele na Bibi Esteria, wakulima wa pamba na wafugaji, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Kitinda mimba wa nyumba hiyo alikuwa Elia, aliyezaliwa mwaka 1969, na baba ndiye aliyembeba mgongoni bibi alipokuwa shambani, akamfundisha kutembea, kuogelea lamboni na kukamua, hata watu wakawa wanamuita Elia mtoto wa Salvatory. Naomba jina hilo la Elia mlishike, kwa sababu nitalirudia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1966 akiwa na miaka tisa, kwa kuwa ng'ombe wa babu walihitaji mchungaji kuliko yeye alivyohitaji kalamu, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, akisifiwa kwa hesabu na kukaripiwa kwa mwandiko. Mwaka 1973 alikwenda Malampaka kwa mjomba wake aliyekuwa akifanya kazi stesheni, na huko, kwa kusikiliza treni za Mwanza zikiingia na kutoka, akapenda injini kwa namna ambayo haikumtoka tena. Mwaka 1977 alijiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, akajifunza kuendesha malori, na tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa kuwa dereva katika kiwanda cha kuchambua pamba kilichokuwa jirani na hapa tulipo, kiwanda ambacho wengi wenu mlikifanyia kazi na ambacho leo kimebaki kuta na magugu.

Mwaka 1983 alipelekwa Mwanza kwa mafunzo ya miezi mitatu ya kuzima moto, na aliporudi alikabidhiwa gari la zimamoto la kiwanda, Bedford jekundu la mwaka 1961, lenye ngazi mbili, kengele ya shaba mbele, na tangi la lita elfu mbili mgongoni. Masharti yalikuwa mawili tu, gari lisitoke nje ya geti ila kwa moto au kwenda kujaza maji, na tangi lisikae bila maji, kwa kuwa pamba ikishika moto haimsubiri mtu akachote. Baba alilipenda gari lile kupita kiasi, alilifuta vumbi asubuhi na jioni, na mama alikuwa akituambia kwamba aliolewa na mwanaume ambaye tayari ana mke mkubwa, mwekundu, asiyejua kupika.

Tarehe 8 Septemba 1984 marehemu alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Milembe, binti wa Bukundi, Meatu, na kwa kuwa gari halikuruhusiwa kutoka getini, maharusi ndio waliolifuata, wakapita kiwandani na nguo zao za harusi na kupiga picha wakiwa wamesimama kwenye ngazi, picha ambayo ipo sebuleni hadi leo. Mungu aliwajalia watoto wanne, Dastan mwaka 1986, mimi mwaka 1989, Joyness mwaka 1993, na Precious mwaka 1999, na marehemu ameacha wajukuu saba.

Sasa nafika mahali ambapo wasomaji wa historia hizi huwa wanapita haraka, na mimi sitapita haraka.

Mwaka 1996 mvua za vuli zilikataa kabisa, mabomba ya mji yakakauka, akina mama wakawa wanachimba mchanga wa mto hadi ndoo inashushwa kwa kamba, na mwezi Novemba ugonjwa wa kuhara ukaingia kwenye kota za kiwanda, watoto wakawa wanazimika mikononi mwa mama zao kwa kukosa maji ya kunywa. Jirani yetu Mama Apolonia, ambaye yupo hapa leo, alikuwa na mtoto wa miezi minane ambaye macho yalikuwa yameingia ndani, na alikwenda kwa baba akiwa na ndoo tupu, hakuomba, alisimama tu karibu na gari. Baba alifungua koki ya tangi akamjazia. Kesho yake walikuja akina mama watano, baadaye ishirini, na kila jioni, kwa ruhusa ya kujaza aliyokuwa nayo, baba aliendesha hadi lambo la mbali lililokuwa bado na maji, akajaza tangi upya, akarudi, na hivyo kwa siku tisa watoto wa kota walikunywa maji ya zimamoto na hakuna mkubwa wa kiwanda aliyejua.

Siku ya kumi ilikuwa Jumanne, tarehe 26 Novemba, na wagonjwa walikuwa wengi kuliko siku zote. Baba mdogo Elia, ambaye alikuwa kibarua wa kubeba marobota kwenye ghala, ndiye aliyekuwa akiwapangia akina mama foleni na kuwatwisha wazee ndoo zao, na alipoona kaka yake anasita kwa kuwa maji yamefika chini, alimwambia, "Kaka, wape, jioni twende wote lamboni nikusaidie kujaza." Baba aliwapa, ndoo ya mwisho ikatoka saa kumi alasiri, na kabla ya saa kumi na moja ghala likashika moto.

Alipiga kengele, akafikisha gari mlangoni kwa dakika mbili, akatandaza mpira wa maji, akafungua pampu, na pampu ikakohoa hewa. Elia alikuwa ndani akijaribu kuwatoa vibarua wenzake wawili, akawatoa wote wawili, akarudi ndani kwa sababu alidhani yupo wa tatu, na hakukuwa na wa tatu. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Baba alisimama na mpira mkavu mkononi akimsikia mdogo wake akimuita, na mama anasema hata walipomnyang'anya ule mpira vidole vyake havikufunguka, ikabidi wavifungue kimoja kimoja.

Alipohojiwa na uongozi, marehemu alitoa jibu moja, kwamba alisahau kujaza tangi. Aliulizwa mara tatu na mara tatu akajibu hivyo hivyo, akasaini kwa ule mwandiko wake mbaya, na tarehe 20 Desemba 1996 akaachishwa kazi, tukatoka kota tukaja kujenga hapa. Kuanzia hapo jina lake likawa Tangi Kavu. Lilisemwa sokoni, lilisemwa kwenye vilabu vya pombe, lilisemwa hata kwenye msiba wa babu, na mimi shuleni nilikuwa mtoto wa Tangi Kavu mpaka darasa la saba, nilipigana mara nyingi kwa sababu ya jina hilo, na naomba kusema ukweli mbele ya jeneza lake kwamba nilimchukia, kwa sababu niliamini kuwa baba mdogo Elia, aliyekuwa akininunulia kashata kila anapolipwa, alikufa kwa uzembe wa baba yangu.

Kwa miaka iliyofuata marehemu alilima pamba na mahindi, akatengeneza matrekta na pampu za watu, na alikuwa mtu wa kutembelewa na kila mwenye chombo kilichoharibika, hata wale waliokuwa wakimcheka kilabuni walimletea mashine zao asubuhi, naye alizitengeneza bila kununa. Hakuwa mkali, hakuwa msemaji, hakukaa mbele kanisani. Kila tarehe 26 Novemba alikwenda Nkololo peke yake kwenye kaburi la Elia na ndoo ya maji, akalimwagia mpaka udongo ukalowa, akarudi bila kusema alikotoka.

Mwaka 2015, baada ya kiwanda kufungwa, vyuma vyake viliuzwa kama chakavu, na mnamo mwezi Juni marehemu aliuza dume lake na mitamba miwili akalinunua lile gari, likavutwa na trekta hadi hapa uani likiwa halina kioo, halina matairi mawili, kuku wa mtu wametagia kwenye kiti cha dereva. Wazee wa ukoo walikuja kumuuliza kama ana akili timamu. Mimi sikuuliza, nilipanda basi nikarudi Malampaka, na kwa mwaka mzima sikukanyaga hapa, kwa kuwa niliona amekwenda kununua aibu yetu kwa ng'ombe na kuiegesha mlangoni.

Wenzangu hawakuwa na kiburi changu. Kila Jumapili baada ya misa familia ilikula haraka ikahamia uani, Dastan na baba wakafungua injini na kuipanga kwenye kitenge cha mama, kifaa baada ya kifaa, kwa mpangilio ambao baba pekee ndiye aliyeuelewa, Joyness akasugua kutu kwa mchanga na msasa hadi viganja vikatoka malengelenge, na Precious, aliyekuwa bado shule, akachora herufi za ZIMAMOTO kwenye boksi, akazikata kwa wembe na kuzipaka ubavuni. Rangi nyekundu yenyewe waliikosea, Dastan alinunua ya mabati, ndiyo maana gari lile mnaloliona limefanana na paa la dispensari, na baba alicheka siku hiyo, mama anasema ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu kuhama kota. Sili ya pampu ilikosekana Mwanza na ikakosekana Shinyanga, akaikata mwenyewe kutoka ngozi ya dume mwingine aliyemchinja Krismasi, akailoweka kwenye mafuta siku nne, ikakaa.

Nilirudi mwezi Agosti 2016 kwa sababu mama aliumwa mgongo, nikamkuta ameketi barazani anashona ule mpira wa turubai uliotoboka, anatumia sindano ya kushonea magunia ya pamba na uzi wa katani, mita baada ya mita. Nikamuuliza kwa hasira kwamba yeye naye anashona nini, mpira ambao haukuwahi kutoa maji. Mama aliweka sindano chini akaniambia, "Keti, ng'wanone," yaani mwanangu, na akanieleza yote niliyowasomea sasa hivi, foleni, ndoo, watoto, siku tisa na siku ya kumi. Nikamuuliza kwa nini baba hakusema. Akanijibu kwamba waume wa wale akina mama wote walikuwa waajiriwa wa kiwanda na wakaaji wa kota, wangefukuzwa siku hiyo hiyo na watoto wagonjwa mgongoni, na zaidi ya hapo, baba aliona kuwa hakuna mwanamke anayestahili kuishi akijua kwamba ndoo yake ndiyo iliyomuua Elia. Basi akaona bora ibaki yake peke yake.

Nilikwenda kumtafuta, nikamkuta chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikachuchumaa nikampa shikamoo, akaitikia, akanyoosha mkono akasema, "Nipe spana ya kumi na nne," nikampa. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya upatanisho, ndugu waombolezaji, na tangu siku hiyo sikukosa Jumapili hata moja, nilikuwa napanda basi la alfajiri kutoka Malampaka ili nije nishike taa, nipitishe spana na kumkaripia avae miwani.

Injini iliwaka tarehe 29 Desemba 2019, baada ya kuzungushwa hendeli tangu asubuhi, tukapiga vigelegele, majirani wakaja, na baba aliisikiliza kwa muda mfupi, akaizima, akaenda kukaa peke yake kwenye ngitili, yale malisho yetu ya akiba, mpaka ng'ombe waliporudi. Kilichobaki kilikuwa ni pampu na tangi, na hapo aliweka sharti, kwamba hakuna mtu atakayetia tone la maji kwenye tangi lile isipokuwa yeye mwenyewe, siku ambayo atakuwa na hakika kuwa halivuji popote. Alilichomelea, akalipaka lami ndani, akaligonga na kulisikiliza, akalichomelea tena. Tulimwambia baba, limepona, lijaze. Alijibu kila mara kwamba bado. Nadhani aliogopa, na sasa naona tungemwacha aogope bila kumharakisha.

Mwezi Machi 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na maumivu ya nyonga, akapimwa na kugundulika kuwa na saratani ya tezi dume, akatibiwa hapa Bariadi na Mwanza, akapata nafuu mwaka 2024 kiasi cha kupanda tena juu ya gari, kisha mwezi Mei mwaka huu hali ikabadilika. Mwezi Julai, akiwa kitandani, alimuita Dastan akamwambia pampu ipo tayari, tangi lipo tayari, na akachagua siku, Jumamosi inayofuata sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, wana wote tuwepo, abebwe kwenye kiti hadi uani, na yeye mwenyewe amimine ndoo ya kwanza. Jumamosi hiyo ni leo, tarehe 16 Agosti 2025. Viti mlivyokalia tulivikodi kwa ajili ya sherehe hiyo.

Alhamisi, tarehe 14, saa mbili asubuhi, mama akiwa ameshika mkono wake wa kushoto na mimi wa kulia, marehemu aliuliza kama tangi limejaa. Mama, ambaye hajawahi kumdanganya, aligeukia dirisha la uani. Mimi nilifungua mdomo nimwambie limejaa, nikashindwa, nikasema, "Bado, Baba, tunakusubiri wewe," na akafumba macho, na hakuyafumbua tena. Nimeishi na jibu hilo siku mbili na sijui nitaliweka wapi. Kama kuna mtu hapa anajua neno ambalo ningemwambia, asiniambie leo.

Alasiri ya siku hiyo, watu wakiwa ndio wanaanza kukusanyika na sisi hatujui hata nani akafuate mchanga, Mama Apolonia aliingia uani na ndoo ya lita ishirini kichwani, na miguu yake ile mnayoifahamu inavyomsumbua. Nilimwonyesha pipa la jikoni, hakunitazama, alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akamuomba Dastan apande ngazi, akamkabidhi ndoo, kisha akasema mbele ya wote waliokuwepo, wanaume wakiwemo, "Haya ni ya Salvatory. Mimi ndiye niliyeanza kuyachukua, na yeye hakulisahau tangi, tuliyamaliza sisi." Nyuma yake walikuwa wengine. Walikuja akina mama wa kota ya zamani, waliobaki hai, na binti za waliokufa, wakatoka kisimani mwendo wa nusu saa, Alhamisi mpaka giza na Ijumaa kutwa, na mwanaume mmoja mrefu akabeba ndoo mbili mbili bila kupumzika, sikumjua mpaka nilipoambiwa kuwa ndiye yule mtoto wa miezi minane. Dastan alikuwa juu ya ngazi anapokea na kumimina, analia, na hakuna aliyemwambia mwanaume halii. Sharti la baba tulilivunja, na mama aliona linavunjwa, akashika tu ubavu wa tangi kwa kiganja, akisikiliza maji yanavyopanda.

Nilikusudia kuandika hapa kwamba sisemi haya kwa kulaumu mtu, nikayafuta maneno hayo, kwa sababu ningekuwa nadanganya, nalaumu kidogo, wapo waliokunywa maji yale na kumwita Tangi Kavu kabla mwaka ule haujaisha. Lakini nililaumu mimi kabla yenu na kwa muda mrefu kuliko wengi wenu, kwa hiyo tubebe wote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bariadi na Mwanza waliomhudumia marehemu kwa upole, na yule nesi aliyemruhusu kushika spana yake kitandani. Tunamshukuru Baba Paroko na jumuiya yetu ndogo ndogo, tunawashukuru waliokuwa wafanyakazi wenzake wa kiwanda mliofika leo na kuomba kubeba jeneza, mtalibeba. Tunawashukuru majirani wote, waliopika, waliokesha, waliochanga, na ninyi akina mama wa ndoo, wabeja sana, asanteni, sina kingine cha kuwaambia.

Baba yetu, Salvatory Yakobo Masele, tunakupeleka Nkololo ulale jirani na mdogo wako, na gari lako linatangulia mbele, Dastan anaendesha, mama amekaa pale ambapo kuku walitagia. Tukishakufunika, Dastan atafungua pampu, na tutamwagia makaburi yote mawili, lako na la Elia, kwa mpira alioushona mama. Lile swali uliloniuliza Alhamisi, naomba nilijibu sasa.

Tangi limejaa, Baba. Pumzika kwa amani.